Hewa ya Chumba cha Fundi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, salamu za mtu anayekukumbuka kila akipita mbele ya mlango wako uliofungwa. Naomba karatasi hii ikukute umeketi kitini, si umelala, na kifua kimekuruhusu kumaliza chai yako bila kusimama katikati. Mama hajambo? Miguu inamwacha atembee mpaka uani? Na wifi na watoto, wote wazima? Mwambie yule wa mwisho kwamba shangazi yake ameipata picha aliyomchorea na ameibandika ukutani, ingawa amempa meno mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mimi si haba kwa kuona meno. Huku mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Umesema kikohozi kimepungua, na kwamba ngazi za hospitali sasa unazipanda kwa kupumzika mara mbili badala ya mara nne. Umesema pia kwamba Daktari wetu wa kliniki ya meno amekupigia simu kukuhakikishia kuwa meza yako inakungoja, na kwamba mwanzoni mwa mwezi ujao utarudi kazini. Kabla hujatoa begi chini ya kitanda, Kaka, naomba uisome barua hii mpaka mwisho. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningekuacha unikatize. Karatasi haikatizwi.

Nianze na habari za kliniki, maana huko ndiko kuliko na jambo. Tangu uondoke, kazi zako zote za meno bandia zinapelekwa kwa fundi mwingine, yule wa upande wa pili wa mji, na wagonjwa wanalalamika kwamba meno yake yanawabana kama viatu vya kuazima. Mzee mmoja alirudisha ya kwake ndani ya kikombe akasema atakusubiri wewe hata mwaka. Mama wa mapokezi ni yule yule. Mgonjwa akimlalamikia kwamba anaumwa, anamwambia asiyeumwa haji hapa. Chumba chako kimefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nilikuwa naingia mara moja kwa wiki kupangusa meza. Ile taya ya plasta uliyoiacha nusu bado ipo pale pale, sikuwa na moyo wa kuiondoa.

Wiki tatu zilizopita ilikuja barua kutoka ofisi ya afya, kwamba kliniki zote za meno zitapimwa hewa. Daktari hakutishika hata kidogo. Alisema kliniki yake ni safi kuliko nyumba za watu wengi, akanigeukia, akaniambia nihakikishe inang'aa. Wewe unanijua, wewe uliyenipa jina la Bi Usafi mbele ya wagonjwa mpaka nalo likanikaa. Siku mbili nzima nilisugua. Nilipangusa taa ya juu ya kiti, mipini ya makabati, hata nyaya za feni. Asubuhi ya siku yenyewe mtu angeweza kulala sakafuni na shuka jeupe, na shuka likabaki jeupe.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amebeba mkoba mkubwa kuliko yeye, na maneno yake anayatoa kwa kijiko. Ndani ya mkoba alikuwa na kimashine cha ukubwa wa redio ndogo, chenye kioo kinachoandika namba. Alitueleza kwamba kinahesabu vumbi lile dogo mno, ambalo jicho haliwezi kuliona. Mama wa mapokezi akamuuliza kama kinahesabu na dhambi. Mpimaji alimjibu bila kucheka kwamba dhambi zina ofisi nyingine. Tangu hapo mama wa mapokezi akampenda, akampelekea chai.

Alianza na chumba cha Daktari. Kabla ya mgonjwa namba ilikuwa ndogo, nami nikajisikia fahari. Kisha akaingia bwana mmoja wa kuzibwa jino. Daktari akashika drili, na mimi nikashika bomba la kunyonya mate kama siku zote. Namba ikaanza kupanda. Ilipanda karibu na kichwa cha mgonjwa, mpimaji akasogea nayo mpaka mlangoni ikawa bado inapanda, na baadaye kidogo ikapanda hata kwenye viti vya watu wanaongoja. Yule bwana alishatoka, alishaaga, pengine alishafika kwake, na namba ilikuwa haijarudi ilikoanzia. Nusu saa ilipita. Na wewe unajua desturi yetu, Kaka: mgonjwa akitoka, napangusa kiti, nahesabu vifaa, naita mwingine. Dakika tano, kama nimechelewa ni sita.

Halafu akatuomba tufunge pazia. Akawasha tochi, akaipitisha katikati ya chumba, na tukaona. Hewa yote ilikuwa na vitu vinaelea, vidogo, vinapanda na kushuka taratibu bila haraka ya kutua. Chumba hicho nimekipangusa miaka kumi na mmoja. Niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mpimaji aliniona, nadhani, maana aliniambia kwa upole kwamba kosa si la kitambaa changu. Kitambaa hukamata kilichokwisha kuanguka, alisema, na watu wanavuta kile ambacho bado hakijaanguka.

Daktari alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Aliambiwa afungue madirisha mawili yanayotazamana, bomba la kunyonya lisogezwe karibu zaidi na jino, barakoa ziwe zile zinazoshika uso barabara, na kati ya mgonjwa na mgonjwa chumba kipewe muda wa kupumua. Aliyaandika yote kwa mkono wake. Tulidhani kazi imekwisha, mama wa mapokezi alishaanza kukusanya vikombe. Ndipo mpimaji akauliza ule mlango uliofungwa mwisho wa ukumbi ni wa nini.

Nikafungua chumba chako. Alikitazama kwanza bila kuingia. Aliona meza, kiti chako chenye mto, na ile mashine ya kunyonya vumbi chini ya meza. Aliona pia kile kitundu cha hewa ukutani ambacho nusu yake imezibwa na kabati. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kufanya kazi kidogo kama fundi anavyofanya, ili apime. Nikajitolea, maana ulishanifundisha kusaga na kung'arisha siku zile za wagonjwa wengi. Nikachukua meno bandia ya zamani, nikawasha mashine ya kusagia, nikaanza. Namba ikapanda, na hilo hakuna aliyelishangaa. Mpimaji akasema sasa niwashe ile ya kunyonya, tuione ikishuka.

Nikawasha. Kaka, haikushuka. Ilipanda zaidi.

Alidhani ameona vibaya. Akaniambia nizime, namba ikatulia kidogo. Nikawasha tena, ikapanda tena. Akapiga magoti, akakiweka kimashine chake kule nyuma, mahali ambapo mashine hutoa hewa iliyokwisha kuchujwa, pale pale miguu yako inapokaa. Namba ikajaa kioo kizima. Akazima kila kitu, akanipa barakoa nyingine kutoka mkobani mwake, akatuambia tutoke tusimame mlangoni. Aliporudi chini ya meza alikuwa na bisibisi. Alifungua kifuniko, akatoa kichujio, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha la ukumbini. Mwanga ulipenya. Nyuzi zake zilikuwa zimeachana kama shuka la miaka mingi, na kwenye mikunjo kulikuwa na vijishimo unavyoweza kupitisha sindano.

Akaeleza kwamba mashine ya namna ile, kichujio chake kikiharibika, inayavuta yale makubwa na kuyabakiza, na yale madogo kabisa inayatema tena chumbani kwa nguvu. Mtu aliyekaa hapo anavuta siku nzima unga wa meno bandia, na plasta, na chuma. Hayo madogo hayaishii puani wala kooni. Yanashuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa huko, na kikohozi hakiyatoi. Akauliza fundi amekaa kwenye kiti kile miaka mingapi. Daktari akasema tisa. Akauliza sasa yuko wapi. Daktari akasema yuko kwao, anaumwa kifua. Mpimaji akaandika kwa muda mrefu.

Kwenye msumari ukutani kuna lile daftari la kubadilisha vichujio. Alilifungua. Kila baada ya miezi miwili kuna alama ya vyema, ukurasa baada ya ukurasa, bila jina. Akauliza ni nani anayebadilisha. Kabla sijafungua mdomo Daktari alishajibu: fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akitunza mashine yake, na kwa kweli alikuwa mtu mzembe kwa afya yake, alipewa barakoa akawa anaivaa kidevuni, na sigara alivuta miaka mingi. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nimefunikwa uso mpaka machoni, nikashukuru kwamba nimefunikwa. Jibu lake nikaliacha liandikwe.

Baada ya siku mbili Daktari aliniita ofisini kwake. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Alinieleza kwamba mpimaji amepeleka taarifa, na sasa ofisi ya kazi inataka kujua kama ugonjwa wako umetokana na kazi. Wakiona umetokana na kazi, utatibiwa bila wewe kusumbuka na hutalazimika kurudi kwenye meza ile. Lakini kliniki inaweza kufungwa, alisema, na sisi sote tutakula wapi. Akasogeza karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba fundi alikuwa akijibadilishia vichujio mwenyewe, kwamba alikataa barakoa, na kwamba alikuwa mvutaji sugu. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna atakayeumia, maana wewe umeshapata nafuu na karibu utarudi, na yeye atakununulia mashine mpya.

Kaka, nilitia saini. Nisikuzungushe. Kalamu ilikuwa yake na mkono ulikuwa wangu. Nilirudi chumbani nikaosha vifaa vya asubuhi, na nikaviosha vizuri tu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa ndipo ilipofika barua yako. Umeandika kwamba umevuna ulichopanda. Umeandika kwamba madaktari walikuuliza swali moja tu, kama unavuta, ukasema uliacha miaka mitatu iliyopita, wakatikisa vichwa, na hapo hapo kesi ikafungwa. Umeandika kwamba mama alilia, akakuuliza amekukosea nini mpaka ujiue mwenyewe kwa moshi, nawe ukamwomba radhi mbele ya watoto. Umeandika kwamba wifi sasa anaongea na wewe tena, ingawa bado hutupa maneno ya sigara kila ukikohoa. Mambo hayo yote niliyasoma nikiwa nimeuma mdomo. Halafu nikafika kule chini ulikonishukuru. Ulisema kwamba ukiwa umelala huwa unafikiri, na umeona kwamba kama si mimi kukubadilishia kile kichujio kila miezi miwili bila kukumbushwa, sigara zingekuwa zimeshakumaliza zamani.

Ningekuwa naweza kurudi nyuma na kuufuta mstari mmoja kati ya yote niliyowahi kusoma, ningeufuta huo.

Sasa nisikilize. Vichujio sikuwa nabadilisha. Nilikuwa nafua.

Utakumbuka mwaka ule wa tano wako pale kliniki, vichujio viliadimika, tukaagiza vikakawia. Wewe ulilalamika kwamba mashine imechoka, haivuti. Nikaona aibu kukuacha hivyo. Siku ya mapumziko nikakitoa kile cha zamani, nikakiloweka kwenye beseni kwa sabuni, nikakisugua kwa brashi laini mpaka maji yakatoka meupe, nikakianika. Kikakauka, kikawa cheupe kama kipya. Nikakirudisha. Kesho yake uliwasha mashine, ukainua kichwa, ukasema leo inavuta mpaka mikono ya shati. Ulidhani ni kipya. Sikukusahihisha, maana nilifurahi. Daktari nilipomwambia alinisifu mbele ya watu, akasema laiti wafanyakazi wote wangekuwa na akili kama yangu. Sasa mpimaji amenieleza kwa nini ilivuta vizuri: maji na brashi vilipanua matundu, kwa hiyo hewa ilipita bila kuzuiwa, na vumbi nalo likapita.

Vile vipya vilikuja, Kaka. Hili ndilo linalonichoma. Vilikuja baada ya mwezi mmoja, katoni nzima, na tangu hapo vingine vikaja tena. Niliviweka rafu ya juu. Wewe unajua tulivyolelewa. Vikombe vizuri nyumbani kwetu vilikuwa vya wageni, na sisi tulikunywa kwenye vile vilivyopigwa mapengo. Shuka jipya lilingoja siku ambayo haikuja. Nikiona kitu kipya mkono wangu wenyewe unakwenda kukihifadhi. Nikasema hiki cha sasa bado kinafaa, nikifue mara moja tena, na vile vipya vitatufaa siku ya shida. Nikafua tena, na tena, miaka minne. Kichujio kikichakaa kabisa nilichukua kingine cha zamani nilichokuwa nimekiweka pembeni, nikafua hicho. Na kila nilipomaliza nilitia alama ya vyema kwenye daftari, kwa sababu machoni pangu kitu kilichofuliwa kikatakata kilikuwa sawa na kipya.

Usiseme sikujua. Kwenye kila boksi kuna picha ndogo ya bomba la maji limekatwa na mstari mwekundu. Niliiona. Nilisema moyoni kwamba hao ni wafanyabiashara tu, wanataka tununue kila siku, mwanamke anayejua kufua hawezi kufundishwa na boksi. Na ile siku uliponiambia kwamba miguu yako inajaa unga jioni, na kwamba hewa inayotoka kule chini ina ladha, nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba ladha hiyo ni ya sigara zako. Ukacheka. Ukaacha kuvuta mwaka ule ule, ladha ikabaki, na hukuniuliza tena.

Kikulacho ki nguoni mwako, Kaka. Wewe ulikuwa unakitafuta kwenye pakiti ya sigara, kumbe kilikuwa kinakuletea chai saa nne.

Jumatatu asubuhi sikwenda kazini moja kwa moja. Nilikuwa nimetia kwenye mfuko vichujio vitatu vilivyofuliwa, boksi moja jipya lenye ile picha, na lile daftari. Nikaenda ofisini kwa mpimaji, nikangoja kwenye benchi mpaka akaja, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Nilimwambia kwamba saini iliyoko kwenye karatasi ya Daktari ni yangu, na yaliyoandikwa juu yake si kweli. Hakunikaripia. Alinipa karatasi nyeupe na kuniambia niandike upya kwa mkono wangu. Niliandika kurasa mbili. Kisha aliniuliza kama kifua changu mimi kiko sawa, kwa kuwa nilikuwa naingia humo kufagia. Nilimwambia ni kizima, na niliona haya kwamba ni kizima.

Kutoka pale nilikwenda kwa Daktari mwenyewe, ili asisikie kwa watu. Nilidhani atanifokea. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaniuliza kwa nini sikumuuliza kabla ya kufua mara ya pili. Nikamwambia mara ya kwanza alinisifu. Akasema lile kabati lililoziba kitundu cha hewa ni yeye aliyeamuru liwekwe pale. Akaniomba ufunguo, akaniambia nibaki nyumbani mpaka nitakapoitwa. Sidhani kama nitaitwa. Mama wa mapokezi alinisindikiza mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kuchekesha. Usidhani nakutajia kabati ili nigawane mzigo na mtu. Kabati lake ni lake, na beseni ni langu.

Kwa hiyo usirudi, Kaka. Hata wakikununulia mashine kumi, usirudi kwenye chumba kile. Rudi hospitali, na safari hii usingoje wakuulize kuhusu sigara. Waambie wewe ni fundi wa meno bandia, waambie miaka tisa, waambie plasta na chuma na ule unga mweupe, na waoneshe karatasi niliyoambatanisha hapa. Mpimaji ameiandika mwenyewe na namba zote zimo. Ameniambia kwamba yaliyokwisha kukaa mapafuni hayaondoki, lakini mtu akiacha kuongeza anaweza kubaki alipo kwa miaka mingi. Nayarudia maneno hayo kila siku, ubaki ulipo. Ofisi ya kazi itakuandikia. Wakikuita, nenda, na usinionee huruma ukajibu vingine.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi. Nitakuja kuuomba kwa miguu yangu, ukiniruhusu, na usiponiruhusu nitaelewa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu ameshazaliwa, ameshaanza kutembea, anashika nguo yangu kila niendako. Sitaki umbembeleze. Nataka tu ulale usiku bila kujilaumu kwa kosa ambalo si lako.

Nisalimie majirani wanaokuja kukujulia hali. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi umpe mkono wangu kwa heshima zote, umwambie nimemkosea yeye kama nilivyokukosea wewe. Mama mwambie nampenda.

Jambo moja limebaki. Najua barua zangu wewe ndiye unayemsomea mama, kwa vile macho yake tangu zamani hayaoni maandishi, na najua unavyomsomea. Mwaka ule nilipofeli ulimsomea barua ya shule mstari kwa mstari, ukafika kwenye jina langu, ukavuka kama mtu anavyovuka dimbwi, na mama hakujua mpaka leo. Hii usiivuke. Msomee yote, beseni na saini na boksi, mbele ya wifi na mbele ya watoto wale wale ambao ulimwomba radhi mbele yao. Soma polepole. Pumzi ikikuishia katikati, mpe wifi amalizie.

Ni mimi, mdogo wako.